Umeambiwa utaingizwa kamera kifuani? Soma hii kabla hujasaini fomu

Hii nawaandikia wenye maji kifuani ambao daktari kashasema sasa inabidi waingize kamera waone kuna nini humo ndani, na zaidi namwandikia yule anayemuuguza, maana mgonjwa mwenyewe siku hizo hata pumzi ya kuuliza maswali hana. Mimi ni muuguzi wa wodi ya kifua, sio daktari, kwa hiyo nani afanyiwe na nani asifanyiwe hilo ni la daktari wako anayekujua. Mimi nakwambia nini kinafanyika, ujiandae vipi, na wapi watu wanakwama.

Kwanza tuelewane hayo maji yako wapi. Watu wanasema "ana maji kwenye mapafu" lakini mara nyingi hayapo ndani ya pafu, yapo nje yake. Pafu limefunikwa na utando mwembamba, ukuta wa kifua kwa ndani nao una utando wake, na katikati ya tando hizo mbili kuna nafasi ambayo mtu mzima ana majimaji kidogo mno, vijiko viwili vitatu vya chai, ya kufanya pafu liteleze vizuri ukipumua. Ugonjwa ukishambulia hizo tando majimaji yanaongezeka mpaka lita moja, mbili, saa ingine zaidi, pafu linabanwa na mtu anahema hata hajainuka kitandani.

Huku kwetu akija kijana ana maji upande mmoja, homa za jioni na jasho la usiku, kitu cha kwanza kufikiriwa ni TB. Akija mzee aliyevuta sigara miaka, au mama ambaye alishawahi kutibiwa saratani ya titi, hapo watu wanafikiria saratani. Moyo, figo na ini navyo vinajaza maji ila hayo mara nyingi ni pande zote mbili na yanatibiwa kwa kutibu moyo au figo yenyewe, kamera haina kazi hapo.

Hatua ya 1: Hakikisha vipimo vya mwanzo vimefanyika kweli

Kamera sio ya kuanzia. Kabla yake inatakiwa uwe umepigwa picha ya kifua, ultrasaundi ya kuonyesha maji yamekaa wapi, na umenyonywa maji kwa sindano yakaenda maabara kupimwa protini, seli, vimelea vya TB, seli za saratani, na kama hospitali inayo basi na kipimo cha ADA ambacho kikiwa juu kinaelekeza kwenye TB. Wengi wanapigwa pia siti skani. Kipimo cha HIV usikikwepe, kinabadilisha sana namna daktari anavyofikiria.

Sasa tatizo ni hili, maji peke yake mara nyingi hayasemi kitu. Kwenye saratani, seli zinaonekana kwenye maji kwa wagonjwa kama 60 kati ya 100, waliobaki majibu yanarudi "hakuna seli za saratani" na saratani ipo. Kwenye TB ni ngumu zaidi kwa sababu vimelea kwenye yale maji ni vichache mno, ugonjwa umejishikiza kwenye utando, kwa hiyo kipimo cha TB cha GeneXpert kwenye maji kikisema hamna TB usishangilie mapema. Jibu liko kwenye utando, na utando unapatikana kwa kukata kinyama. Ndo maana ya kamera, inamwezesha daktari aone kwa macho sehemu iliyoharibika akate hapohapo badala ya kubahatisha kwa sindano. Kwa njia hii jibu linapatikana kwa zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100.

Na hapa niseme langu. Kuna wagonjwa wananyonywa maji mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila wakirudi wanaambiwa yamejaa tena, wananyonywa, wanaenda nyumbani na hakuna aliyewaambia chanzo. Kunyonya kunampa mtu pumzi, sawa, lakini sio matibabu, tena kutobolewa mara nyingi kunafanya tando zianze kugandana na maji yajigawe vyumbavyumba, siku ya kamera daktari anakuta hana pa kupita. Ukiambiwa utanyonywa tena uliza kwa heshima tu, "Dokta, safari hii tunatafuta chanzo kwa njia gani?" Sio ukorofi hiyo, ni haki yako.

Hatua ya 2: Jua unafanyiwa ipi

Kuna namna mbili kubwa na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni thorakoskopi ya ganzi, wengine wanaiita pluroskopi. Inafanywa na daktari bingwa wa mapafu, mgonjwa anachomwa ganzi ya sehemu na dawa ya kumtuliza asinzie, anapumua mwenyewe, tundu ni moja au mawili, na kila tundu ni la sentimita moja au mbili hivi. Inafaa kuangalia utando, kukata kinyama, kukausha maji na kuweka dawa ya kugandisha.

Ya pili ni ile madaktari wa upasuaji wanaiita VATS, upasuaji wa kifua kwa msaada wa video. Hii ni nusu kaputi kabisa, unalala hujui kitu, mtaalamu wa usingizi anaweka mpira maalumu wa kupumulia wenye njia mbili ili pafu la upande unaofanyiwa lipumzishwe na lingine liendelee na kazi. Matundu ni moja mpaka matatu manne. Hapa wanaweza kufanya makubwa zaidi, kukata kipande cha pafu lenyewe, kusafisha usaha uliogandamana, kuziba pafu linalovuja hewa.

Kama kinachotafutwa ni tezi za katikati ya kifua, kati ya mapafu mawili, kuna nyingine tena inaitwa mediastinoskopi, tundu linapita juu kidogo ya mfupa wa kifua hapo chini ya shingo. Na usichanganye zote hizi na bronkoskopi, ile ya kuingiza kamera puani au mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa, hiyo haina kukatwa ngozi.

Kama unaogopa kwamba ni kitu kipya wanakufanyia majaribio, hapana. Mswidi mmoja, Hans Christian Jacobaeus, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1910 akiwa Stockholm, na alichotumia kilikuwa kifaa cha kuangalia kibofu cha mkojo! Baadaye wakakitumia sana kwa wagonjwa wa TB, enzi hizo dawa za TB hazijapatikana. Dawa zilipokuja kazi ikapungua, halafu miaka ya mwanzo ya 1990 kamera za video zikairudisha kwa nguvu.

Kwa hiyo muulize daktari: ni ganzi au nusu kaputi? Mnatafuta nini? Ikibidi mtapanua tundu na kukata zaidi? Hilo la mwisho ni muhimu, kwenye fomu ya ridhaa ya VATS mara nyingi kuna sentensi inayosema wakikuta damu nyingi au tando zimegandana wanaweza kufungua kifua kawaida. Bora ulijue mapema kuliko mama aamke akute kidonda kirefu hakutegemea.

Hatua ya 3: Siku chache kabla

Dawa za kuzuia damu kuganda ndo jambo namba moja. Warfarini kawaida inasimamishwa kama siku 5 kabla na damu inapimwa tena kuona kama inaganda vizuri, klopidogreli nayo siku 5 mpaka 7. Ila USISIMAMISHE mwenyewe, hasa kama umewekewa kifaa cha kutanua mshipa wa moyo au una vali ya bandia, mpigie daktari aliyekuandikia akubaliane na huyu wa kamera. Aspirini ndogo ya kila siku nayo uliza, wengine wanaambiwa waendelee. Dawa za miti shamba zitaje zote hata kama unaona aibu, hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza mwache agombeze, wewe taja.

Wa sukari waulize dozi ya asubuhi ya siku hiyo maana hutakula. Wa presha wengi wanaambiwa wameze dawa kwa kifunda kidogo cha maji, ila baadhi ya dawa zinasimamishwa, uliza. Sigara acha leo, wiki nne kabla ni bora zaidi lakini hata siku chache ni afadhali.

Chakula kinakoma angalau masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2 kabla, ila wodi nyingi wanasema tu usile kitu kuanzia saa sita usiku, fuata la wodini kwako. Chai ya maziwa ni chakula, uji ni chakula. Kila wiki kuna mtu anarudishwa kitandani kwa sababu ya "kachai kidogo tu".

Kucha toa rangi, na kama kuna harusi wiki hiyo piko usipake vidoleni, kile kifaa cha kubana kidole kinachosoma oksijeni kinapitisha mwanga na rangi nzito inaweza kukivuruga. Hereni, mikufu, shanga, meno ya bandia, vyote mwachie ndugu. Damu watataka kujua kundi lako na wanaweza kuomba ndugu wachangie, kwa hiyo panga watu wawili wenye afya mapema. Bima nayo usiiachie asubuhi ya siku yenyewe, kibali cha kipimo kikubwa kinaweza kuchukua siku, nenda dirishani ukiwa na barua ya daktari uulize kama inalipia kamera, kulala, na vipimo vya kinyama, maana hivyo vya mwisho ndo mara nyingi vinaachwa.

Hatua ya 4: Ndani ya chumba

Utaulizwa jina na upande mara nyingi mpaka uchoke, na daktari atakuwekea alama kwa kalamu. Wajibu kila mara, ni ulinzi wako.

Unalazwa kiubavu, upande mzima chini, upande wenye shida juu, mkono umeinuliwa juu ya kichwa ili nafasi kati ya mbavu ifunguke. Ultrasaundi inapita tena kutafuta sehemu salama. Ganzi inachomwa, inauma kidogo inawasha halafu inakufa. Daktari anapita juu ya ubavu, sio chini yake, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu inatembea kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu. Hewa kidogo inaingia pafu linajikunja kidogo ili kamera ipate nafasi, hapo mgonjwa anaweza kuhisi kubanwa, aseme tu.

Maji yananyonywa taratibu. Ndugu wanauliza kwanini wasitoe yote fasta, jibu ni kwamba pafu lililobanwa muda mrefu likifunguka ghafla linaweza lenyewe kujaa maji kwa ndani, hiyo ni hatari. Ukianza kukohoa sana au kifua kubana wakati wananyonya, sema mara moja wapunguze.

Halafu kamera inaangalia. TB mara nyingi inaonekana kama punje ndogondogo nyeupe zimetapakaa kwenye utando uliovimba mwekundu, na nyuzi za kugandana huku na huku. Saratani mara nyingi ni vinundu au uvimbe mkubwa usio na mpangilio. Ila macho hayatoshi, zinafanana kuliko unavyodhani, ndo maana wanakata vipande kadhaa. Aliye kwenye ganzi atahisi kuvutwa kwa ndani kila kinyama kinapotoka, mimi huwa namshika mkono namwambia "Baba, sasa hivi utavutwa kidogo, usiruke." Kazi nzima ya ganzi mara nyingi haifiki saa moja na nusu.

Kama ugonjwa ni saratani na maji yanarudi kila mara, wanaweza kunyunyiza talki, kawaida gramu 4, kugandisha tando mbili zishikane maji yakose nafasi. Hii ni talki ya hospitali iliyosafishwa, sio poda ya mtoto ya dukani. Itauma, na homa siku ya kwanza na ya pili ni kawaida.

Hatua ya 5: Kinyama kiingie chupa sahihi

Naomba anayeuguza asome hapa mara mbili.

Hospitali nyingi ndugu ndo anayepewa chupa apeleke maabara. Kinyama cha kuangaliwa saratani kwenye patholojia, yaani maabara ya kuchunguza vinyama, kinawekwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze. Kinyama cha kuoteshwa vimelea vya TB HAKIWEKWI kwenye fomalini, kinawekwa kwenye maji ya dripu ya chumvi, kwa sababu fomalini inaua vimelea na kilichokufa hakioti. Kwa hiyo kama daktari anafikiria vyote viwili inatakiwa utoke na chupa mbili tofauti ziende sehemu mbili tofauti. Ukipewa moja tu uliza, "Sista, hii ni ya patholojia au ya TB? Nyingine iko wapi?" Angalia jina, namba ya faili, tarehe, upande wa kulia au kushoto. Ile ya TB iende siku hiyohiyo, isilale kwenye pochi. Mgonjwa kakatwa mara moja, hakuna anayetaka kukatwa tena kisa chupa.

Hatua ya 6: Mpira na chupa ya chini

Mgonjwa atatoka na mpira ubavuni umeunganishwa na chupa yenye maji sakafuni. Hayo maji ni mlango wa njia moja, hewa na majimaji yanatoka, hewa ya nje hairudi. Wenye jukumu ni wauguzi, lakini usiku sista mmoja ana wagonjwa wengi, kwa hiyo na wewe tazama haya:

- Chupa ikae chini ya usawa wa kifua muda wote, imesimama. Ikiinuliwa maji yanarudi kifuani. Ajali nyingi zinatokea mgonjwa akipelekwa eksirei, msukuma machela anaiweka chupa kitandani katikati ya miguu, inalala, basi mlango ushafunguka. Ishike mkononi, chini, utembee nayo.
- Maji kwenye kijiti cha ndani ya chupa yanapanda na kushuka mgonjwa akipumua, hiyo ni dalili nzuri. Yakisimama kabisa ita sista, ama pafu limejaa vizuri ama mpira umejikunja au umeziba.
- Mapovu akikohoa siku ya kwanza ni hewa inatoka, kawaida. Mapovu yasiyoisha siku zinapita, au yameanza upya ghafla, sema.
- Usibane mpira kwa mkono wala kwa koleo kwa sababu umeona mapovu yanakutisha. Hewa ikikosa pa kutokea inambana mpaka moyo.
- Chupa ikivunjika, chovya ncha ya mpira kwenye chupa yoyote ya maji safi, hata ya kunywa, huku ukiita. Mpira ukichomoka kifuani, bana tundu kwa gozi au kitambaa safi, paza sauti.

Maumivu usivumilie ili uonekane jasiri. Mwenye maumivu hapumui kwa kina, asiyepumua kwa kina hakohoi, asiyekohoa anapata nimonia. Omba dawa, halafu ukishapata nafuu vuta pumzi ndefu kila saa, puliza kile kifaa cha fiziotherapi au puto kama umeambiwa, kaa kwenye kiti, tembea na chupa yako. Bega la upande huo lichezeshe, wengi wanalikumbatia mpaka linakakamaa. Waliopewa mofini au tramadoli wanywe maji na wale matunda, choo kinagoma.

Mpira unatolewa pafu likiwa limefunguka kwenye picha, mapovu hamna, na majimaji ya siku yamepungua, hospitali nyingi zinaangalia kama 200 ml kwa masaa 24 ila viwango vinatofautiana. Utaambiwa uvute pumzi ubane, unachomolewa sekunde moja, unafungwa, unapigwa picha tena.

Nyumbani

Kidonda kavu, nyuzi zinatolewa kati ya siku 7 na 14. Ganzi na kuwashawasha chini ya ziwa au ubavuni kunaweza kukaa wiki kadhaa. Ndoo za maji, mizigo, kusukuma mkokoteni subiri daktari aruhusu. Ndege usipande mpaka picha ionyeshe pafu limejaa na angalau wiki ipite baada ya hapo, wanaosafirishwa India kwa matibabu mlizingatie hilo. Wavuvi na wapiga mbizi msirudi majini mpaka bingwa wa kifua awape ruhusa mwenyewe.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona pumzi inakata tena, homa, usaha au damu kwenye kidonda, ngozi ya kifua au shingo inavimba na ukiibonyeza inatoa mlio wa kukatikakatika, au mguu mmoja umevimba na kuuma.

Majibu

Patholojia mara nyingi wiki moja mpaka mbili. Kuotesha TB kunaweza kufika wiki sita na zaidi, lakini daktari akiona picha inaelekeza huko haisubiriwi, dawa zinaanzishwa, ni miezi 6 kwa TB ya kawaida na kwenye vituo vya serikali Tanzania na Kenya ni bure. Majibu yakisema tu "uvimbe wa muda mrefu usio na chanzo maalumu" hiyo sio ruhusa ya kupotea, wachache kati ya hao saratani inajitokeza baadaye, kwa hiyo kliniki endelea nayo hata ukijisikia mzima.

Siku ya kuchukua ripoti, usichukue karatasi peke yake. Kama utahamishiwa hospitali nyingine, hasa ya saratani, omba na bloku, kile kipande kidogo cha nta kilichohifadhi kinyama chako, pamoja na vioo vyake, vile vidogo vya kuangalizia kwenye darubini. Huko unakokwenda watataka kukiangalia wenyewe au kukiongezea vipimo, na kama bloku haipo wataanza kuzungumzia kukata kinyama kingine. Maabara wanaitoa ukiomba kwa barua ya daktari na kusaini daftari.